Lenzi za manyuali za Kichina f/1.2 kwa sendofu na kwaya: zinafaa au tunadanganywa na picha za mtandaoni?

Mwanasoweto_Mby

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi. Niko hapa Mbeya, Soweto, napiga picha za sherehe, sendofu, ubarikio, vikao vya ukoo mpaka misiba, na Jumapili nawapigia kwaya yetu kanisani. Bodi ni Sony a6000 niliinunua mkononi kwa mtu, lenzi ni ileile iliyokuja nayo ya milimita 16-50, sina nyingine. Mchana nje hainipi shida, jua la Mbeya likishatoka kila mtu ni fundi. Shida ni usiku.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na sendofu ukumbi mmoja maeneo ya Kabwe. Taa zao ni zile za zambarau na bluu zinazozunguka, halafu MC naye kaamuru taa kubwa zizimwe bibi harusi akiwa anaingia. Nikavuta mpaka 50 ili nimpate uso, apacha (tundu la kupitisha mwanga, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa) ikagoma f/5.6, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ikapanda 6400 na bado shata (muda wa kupokea mwanga) ikawa 1/30 ya sekunde. Picha zimetoka chengachenga, bibi harusi kama kapigwa akiwa ndani ya chandarua. Mama yake mkubwa akaniuliza mbele za watu, mwanangu kwani mle ukumbini kulikuwa na moshi? Nikacheka tu lakini iliniuma.

Flashi ninayo ila kanisani mzee wa kanisa ameshanikataza, anasema nawamulika watu kwenye sala.

Sasa naziona hizi lenzi za Kichina za manyuali, yaani fokasi unazungusha ringi kwa mkono, TTArtisan 50 f/1.2, 7Artisans 35 f/1.2, Meike, kuna na Brightin Star, hiyo TTArtisan inazunguka dola 100 hivi. Bajeti yangu laki 4 mwisho na usafiri humohumo. Naomba kujua bila otofokasi nitampataje mtu anayecheza? Nichukue 50 au 35? Halafu fundi mmoja hapa kaniambia kamera itakataa kabisa kupiga kwa sababu lenzi haina umeme. Ni kweli au ananitisha?

Nawasilisha.

MwanaGangilonga

Kamwene. Niko Iringa, natumia 7Artisans 35 f/1.2 mwaka wa tatu huu, ile ya mwanzo ambayo ringi ya apacha haina kliki, inateleza tu, ukiibana vibaya kwenye begi unakuta imejihamisha f/4 na wewe hujui. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Huyo fundi kasema nusu ya ukweli. Lenzi hizi hazina chipu wala nyaya, kwa hiyo kamera inadhani hakuna kitu kimefungwa mbele. Ingia kwenye menyu utafute kile kipengele cha kuruhusu shata bila lenzi, iruhusu, imeisha hiyo, hata Fuji wanacho. Ila kumbukumbu za picha hazitaandika ulitumia f ngapi, kama unajifunza beba kidaftari.

Kwenye mwanga sasa. Ulikuwa f/5.6. Ukishuka f/4, f/2.8, f/2 umetembea hatua 3, na kila hatua mwanga unaongezeka mara mbili, maana yake umepata mara 8. ISO yako ya 6400 inarudi 800 kwa shata ileile. Na hapo angalia nimeishia f/2, hata sijaigusa f/1.2! Kwa hiyo mama mkubwa wako angetulia kwa lenzi yoyote ya f/2, hiyo 1.2 ni ya kuangalia kwa jicho lingine.

Kwa nini nasema hivyo. Chukua 50 f/1.2 kwenye a6000 yako, mtu kasimama mita 2, eneo linalotoka shapu kuanzia mbele hadi nyuma ni kama sentimita 8. Sogea mita 1 inabaki sentimita 2. Mbili! Kidole changu gumba tu hapa kinakaribia hizo. 35 f/1.2 kwa mita 2 unapata kama 16, angalau mtu anaweza kupumua bila kutoka kwenye fokasi. Nilipoipata yangu nilikuwa na ushamba, kila kitu f/1.2. Nikaenda kupiga kwaya ya akina mama Kihesa, kuna bibi mmoja anaimba sauti ya pili kafunga kilemba cha kitenge cha njano, nikajisemea leo nimeua. Nimefika nyumbani nimefungua kwenye kompyuta, nyuzi za kilemba unazihesabu mojamoja, tone la jasho pembeni ya sikio linang'aa, macho ya bibi yako kwenye ukungu. Picha 60 nilizopiga siku hiyo nikatoa 9. Tangu hapo nakaa f/2, nashuka 1.4 nikiwa na sababu.

Halafu 50 kwenye sensa ndogo ya APS-C (kile kipande kinachopokea picha) kama ya a6000 yako inaona kama 75, kwenye kumbi zetu hizi utarudi nyuma mpaka uiangushe keki. Chukua 35.

Mtu anayecheza usimfukuze kwa ringi, humpati. Chagua mahali. Bibi harusi anaingia kwa zulia, wewe tafuta alama kwenye zulia, ua lolote lililopo, weka fokasi pale, kisha subiri mguu ufike, piga tatu nne mfululizo. Ukiwa karibu weka ringi na uiache, halafu mwili wako ndio uende mbele na kurudi kidogokidogo kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Ile ya kamera kuchora kingo kwa rangi nyekundu washa lakini usiiamini asilimia zote, kwenye f/1.2 inachora mpaka visivyo shapu, na kwenye taa za zambarau ndio inachanganyikiwa kabisa. Weka kitufe kimoja cha kukuza picha, kuza kwenye jicho, hakikisha, piga. Na a6000 haina kitu cha kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, tena shata usishuke 1/125 kama kuna binadamu anatembea.

Usishangae ukikuta lenzi ikiwa wazi kabisa picha ina ulaini kama wa maziwa, na shela jeupe likipigwa na taa linatoa ukingo wa zambarau. Ndio zilivyo. Ukifika f/2.8 inatulia mpaka unasahau bei yake.

Kobe_wa_Mafinga

Tusidanganyane jamani. Kazi ya kulipwa chukua lenzi yenye otofokasi. Kuna Sony 50 f/1.8 OSS iliyotumika, inatuliza mtikisiko yenyewe, kuna Sigma 30 f/1.4. Keki inakatwa mara moja, huwezi kumwambia bwana harusi rudia kunilisha sikupata fokasi. Hizo manyuali ni za watu wenye mishahara wanaopiga picha majani ya chai hapa Mufindi, jani halihami.

Mwanasoweto_Mby

Mkuu MwanaGangilonga ubarikiwe sana kaka, hiyo ya ua la zulia sikuwahi kuiwaza. Kobe nakuelewa mkuu ila Sigma nimeulizia hata iliyotumika inanipita, na mwezi ujao nina sendofu mbili siwezi kusubiri.

MwanaGangilonga

Kaka tena 😂 mimi ni dada. Na Kobe hajakosea, lile tendo linalotokea mara moja mimi bado nafunga lenzi ya otofokasi na flashi naielekeza juu kwenye dari. Manyuali nazifunga kwaya, maandalizi ya bibi harusi chumbani, wazee wakiwa wamekaa. Hizo ndizo picha wanazozikuza na kuzitundika sebuleni.

Babu_Zorki

Ugonile. Naandika kutoka Tukuyu na hapa tunavyoongea mvua inanyesha, kwa hiyo nitaanza na mvua. Nyinyi vijana mnaongelea f/1.2 na hakuna aliyetaja fangasi. Huku kwetu lenzi ukiiacha kwenye begi la ngozi msimu mzima, ukija kuimulika kwa tochi unakuta utando umetambaa ndani ya kioo kama mizizi. Ikishaota imeota, inakula na ile rangi ya juu ya kioo. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, kusanya vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu, weka humo na lenzi yako, vikilowa vianike juani. Mchele msiweke, unaacha vumbi. Na jua lenyewe linasaidia kuzuia fangasi, likitoka toa lenzi ipigwe, ila usiiache imefungwa kwenye kamera huku imeelekea jua, jua hilo litachoma sensa.

Sasa nije kwenye mada. Mjomba wangu alisoma Urusi, aliporudi alileta Zorki 4 yenye lenzi ya Jupiter-8, 50 f/2, kamera hiyo ni renjifainda. Kamera ya namna hii hutazami kupitia lenzi, unachungulia kidirisha cha pembeni, katikati unaona vivuli viwili vya mtu mmoja, unazungusha ringi mpaka vinalaliana, basi, hapo fokasi imekaa. Kwenye giza inasaidia sana kwa sababu hakuna kukisia, vivuli vimelaliana au havijalaliana. Filamu siku hizi ni hekaheka kuipata, kwa hiyo Jupiter nimeihamishia kwenye Sony A7 II ya kijana wangu kwa adapta.

Na hapa ndipo nataka kijana wa Soweto anisikilize. Kama una mpango wa kubadilisha bodi baadaye usinunue lenzi yenye maunti (ule mdomo wa kufungia lenzi kwenye kamera) ya Sony, nunua yenye maunti ya Leica M. Leica M toka 1954 sensa au filamu inakaa milimita 27.8 kutoka kwenye maunti, Sony ni 18, Fuji 17.7, Canon RF 20, Nikon Z 16. Pengo linalobaki ndilo adapta inakaa, kipande cha chuma tu hakina kioo ndani. Lenzi moja unahama nayo kamera zote. Hata hizi za skrubu za Kirusi zinaingia humo, zinadai milimita 28.8, unaweka kiringi cha milimita 1 zinakuwa M. Nina 7Artisans 50 f/1.1 ya M, mchoro wake wa vioo ni wa ukoo wa Sonnar aliouchora Ludwig Bertele kule Zeiss miaka ya 1930, ndio maana wanaweza kuuza bei ya binadamu, hakuna mota, hakuna umeme, hesabu zilishapigwa zamani. Leica wenyewe lenzi yao ya Noctilux ya f/0.95 inapita dola 10,000, kwa hiyo ni shamba la parachichi hilo.

Ubaya upo. Hizi za M nyingi hazisogei karibu zaidi ya mita 0.7, kupiga pete ya ndoa usahau, labda adapta yenye shingo inayorefuka. Na ukiifunga kwenye renjifainda yenyewe lazima uhakikishe lenzi na kidirisha vinasema lugha moja. Hii yangu wameweka nafasi ya kurekebisha kwa skrubu, unapanga rula kwa mshazari juu ya meza, unapiga namba 20, unaangalia namba gani imetoka shapu, unalegeza, unarekebisha, unapiga tena. Ilinila Jumamosi nzima. Tena hizi za ukoo wa Sonnar ukibadilisha apacha fokasi nayo inahama kidogo, ukirekebisha kwa f/1.1 usitegemee f/2.8 ikae palepale. Kwenye mirolesi (kamera isiyo na kioo cha ndani, kama hiyo yako) hayo ya kidirisha na fokasi kuhama hayakuhusu maana unakiona kile kile sensa inachokiona.

Mzee_wa_Mpakani

Mimi niongeze moja tu kabla hujabonyeza kulipa, SOMA HERUFI YA MAUNTI. Nilitumiwa 35 ya Fuji X na duka moja la mtandaoni wakati bodi yangu ni Sony, nikasema si kitu nitatafuta adapta. Hakuna. Lenzi inataka 17.7 na bodi ni 18, pengo halipo hata la karatasi ya daftari, hiyo adapta ungeiweka wapi? Iko kabatini hapa Tunduma mpaka leo, anayetumia Fuji aniambie.

Kobe_wa_Mafinga

Kwa hiyo Babu kaja kumshauri mtu wa laki 4 anunue f/1.1 ya Leica 😂😂

Babu_Zorki

Nimesema maunti, sikusema alipe leo. Soma vizuri mjukuu.

Mwanasoweto_Mby

Wakuu (na dada) narudi na mrejesho, imepita kama wiki 6.

Mwishowe nimechukua TTArtisan 35 f/1.4 ya Sony, ile ndogo ya chini ya dola 100. Nilipiga hesabu nikaona kati ya 1.2 na 1.4 ni nusu hatua tu, na mimi f/2 ndio nitaishi. Imeshuka na basi kutoka Dar, imefungwa kwenye soksi ya mtu, sijui kwa nini. Ni chuma tupu, ukiishika unasema hii imeibiwa kwenye darubini.

Siku ya kwanza nimeenda nayo Mwanjelwa nikakaa kwa mama mmoja anauza ndizi na maparachichi, nikamwomba nijifunzie kwake. Picha 40, zilizokaa fokasi 11. Siku ya tatu 40 nikapata 26. Kuna moja f/2, ameshika parachichi analibonyeza kwa dole kumwonyesha mteja limeiva, kucha na lile shimo dogo kwenye ganda viko shapu, yeye nyuma anacheka kayeyuka. Nimemsafishia kaibandika kwenye nguzo ya kibanda.

Sendofu nimefanya kama dada alivyosema. Mlangoni nilitumia alama ya zulia, ISO 1000, shata 1/125, f/2, nikapata picha 3 nzuri. Wakati wa keki nikarudisha lenzi ya zamani na flashi juu ya dari. Mama wa bibi harusi hajaulizia moshi.

Swali jingine lakini. Asubuhi nikitoka nayo saa 12 ringi ya fokasi inakuwa nzito kama mlango wa godauni, ikifika saa 4 inalegea yenyewe. Nimeharibu kitu?

MwanaGangilonga

Hujaharibu. Ni grisi ya ndani inaganda, baridi ya Mbeya mwezi wa 7 hata asali inakataa kutoka kwenye chupa. Tembea nayo ndani ya koti, itoe ukifika. Na hiyo picha ya parachichi iweke hapa tuione.