Aliyepunguzwa tumbo: ugali unakwama, uji unapita. Nimpimie vipi?

MpishiWaZamu
Habari wadau. Nampikia dada yangu, yuko wiki ya sita tangu apunguzwe tumbo kwa upasuaji wa slivu. Karatasi ya hospitali imeandika "robo kikombe, milo mitano hadi sita, protini kwanza", basi. Akila matonge mawili ya ugali na mchuzi yanamkwama kifuani, anatoa ute wa povu, mwisho anatapika. Ila uji anamaliza kikombe kizima cha chai, na saa moja baadaye analalamika njaa. Mfuko umeshapanuka? Na hiyo robo kikombe kwa chakula chetu ndiyo kiasi gani?

SahaniNdogo
Haujapanuka, mkuu. Kwenye slivu hukatwa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kitu kama mrija. Kimiminika hakikai humo, kinateremka moja kwa moja kwenye utumbo, ndiyo maana uji unapita wote na njaa inarudi mapema. Ugali ni mnato. Usipolainika mdomoni hujikusanya kuwa donge na kuziba. Ule ute ni mate anayoendelea kumeza yakakuta njia imefungwa. Ikimtokea, aache kula, akae wima au atembeetembee. Asinywe maji eti ya kusukumia, kwa sababu yatajaa juu ya tonge na kurudi nalo.

Robo kikombe ni mililita 60, sawa na vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa kwa kisu. Kijiko cha kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Tafuta kikombe kidogo cha kahawa chungu, kipime kwa maji ujue kinashika vijiko vingapi, kisha kifanye ndicho kipimo chake cha kila mlo. Mpakulie kwenye kisosi, kwani vijiko vinne kwenye sahani kubwa vinaonekana kama adhabu.

Ale kwa kijiko cha chai, kila pande lisizidi punje ya maharage, alitafune mpaka liwe uji, amalize kumeza ndipo achote jingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Zikiisha na chakula kimebaki, ondoa. Kukirudisha baada ya robo saa ndiko kunakozaa tabia ya kudonoadonoa mchana kutwa, na uzito hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Asingoje kushiba kwa zamani. Dalili za kutosha ni ndogo: kubanwa chini ya chembe ya moyo, kwikwi, pua kuchuruzika ghafla, kushusha pumzi ndefu. Ikitokea mojawapo, hata kijiko kimoja kilichobaki kiachwe.

Bi_Mizani
Nakubaliana na mwenzangu, ila tatizo kubwa ninaloliona hapo ni protini. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na ugali na mchuzi havimfikishi popote. Maharage nayo watu huyategemea mno: vijiko 4 vilivyopondwa vina gramu 5 hivi tu. Ujazo huohuo wa samaki aliyechambuliwa miiba unakaribia gramu 13. Yai moja 6.

Kwa wiki ya sita, siku inaweza kwenda hivi. Asubuhi yai moja la kuvuruga, laini, lisikauke. Saa nne, maziwa mililita 200 yaliyokorogewa vijiko 2 vya maziwa ya unga (gramu 10 hivi za protini). Mchana samaki wa kuchemsha vijiko 4, na mchuzi wake mwepesi wa kulainishia. Saa kumi mtindi usio na sukari, mililita 100. Jioni kuku wa kusaga vijiko 3, na kabla ya kulala maziwa kama yale ya saa nne. Ukimwekea na vijiko 3 vya maharage mahali fulani, mmekaribia 60. Maziwa yakimletea gesi au kuharisha, jaribu mtindi zaidi, kwa kuwa baada ya upasuaji wapo ambao tumbo linaanza kuyakataa.

Nyama ya ng'ombe ya vipande isubiri. Nyuzi zake hukwama vibaya kuliko ugali. Chapati na mkate mweupe laini ni ndugu wa ugali kwa kunata. Mkate uliokaushwa hupita vizuri zaidi.

MpishiWaZamu
Asanteni. Kwa hiyo uji nifute? Na maji anakunywa lini, maana akila hapo hapo anataka glasi.

SahaniNdogo
Glasi mezani iondoke leo. Aache maji anapoanza kula, na angoje nusu saa baada ya kumaliza. Akinywa pamoja na chakula, ama kinajaa na kurudi, ama kinasombwa haraka na njaa inawahi. Anywe kati ya milo, funda moja moja, afike lita moja na nusu kwa siku. Soda hapana, hata ile isiyo na sukari, maana gesi humtesa.

Uji usiufute, ubadilishe. Kikombe kizima cha uji wa sukari ni wanga mtupu, na sukari ikiingia kwenye utumbo kwa kasi anaweza kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha ndani ya nusu saa. Kwa waliofanyiwa baipasi (upasuaji unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo) hilo hutokea zaidi, lakini wa slivu hawajasalimika. Fanya nusu kikombe, usio na sukari, utie maziwa ya unga au dagaa waliokaushwa na kusagwa laini. Uhesabu kama mlo, usiuhesabu kama kinywaji.

DawatiLaLishe
Hapa mmepita haraka kwenye kutapika. Kutapika mara moja kwa sababu ya tonge kubwa ni jambo moja. Kutapika kila siku, siku mbili tatu mfululizo, ni safari ya hospitali, kwa sababu akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa, aende saa hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba amepunguzwa tumbo ili apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi. Hata maji yakigoma kushuka, msisubiri kesho. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio akiwa amepumzika, au maumivu yanayopanda bega la kushoto, vilevile.

Vidonge navyo vina ratiba. Chuma na kalsiamu viachane saa mbili, na chai ya rangi isiandamane na chuma, kwani huzuia kisifyonzwe. Kalsiamu ya sitreti humezwa wakati wowote, ile ya kaboneti inataka chakula.

Bi_Mizani
Ugali mrudishie baada ya mwezi wa tatu tangu upasuaji, kama daktari wake hana neno: laini, vijiko 2, tena baada ya samaki kuisha kwenye kisosi. Kiasi cha mlo huongezeka chenyewe hadi nusu kikombe kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na ukifika mwaka robo tatu hadi kikombe kizima. Kwenye sinia la pamoja mtengee chake kabla wenzake hawajanawa. Akila na kundi atakwenda kwa kasi yao, na hakuna atakayejua amekula kiasi gani.