Wakuu, gemu yetu ya kukusanya viumbe: tumlazimishe mchezaji kubadilishana na mwenzake?

Mwana_Kibirizi

Wakuu salaam. Mimi niko Kigoma, hapa Kibirizi, na mwenzangu yuko Tabora mjini. Huu ni mwaka wa pili tunatengeneza gemu ya simu ya kukusanya viumbe, zile za kukamata, kufuga, kukuza na kupambanisha, ambazo wengi mnazijua kupitia Pokémon. Michoro inakwenda vizuri. Tumekwama kwenye jambo moja, na kwa wiki mbili sasa tukipigiana simu tunaishia kununiana. Ndiyo maana nimeleta kwenu.

Gemu ina matoleo mawili. Toleo la Ziwa lina viumbe vya huku kwetu: mmoja ametokana na kambare wa umeme, mwingine tumempa jina la Gambani, samaki mdogo anayeishi ndani ya gamba tupu la konokono, kama wale walioko kweli Ziwa Tanganyika. Toleo la Miombo lina vya Tabora: nyuki, fisi, mti wa mninga unaotembea usiku. Wazo tulilipata kwenye reli. Dagaa wa Kigoma wanapanda treni kwenda Tabora, asali ya Tabora inashuka huku. Tukasema viumbe navyo visafiri hivyo hivyo, mtu wa Ziwa apate vya Miombo kwa kubadilishana na mwenye Miombo.

Mwenzangu anataka iwe lazima: asiyebadilishana asikamilishe daftari lake la viumbe. Hoja yake ina uzito. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, utotoni alikuwa akikusanya wadudu, na alipoiona kebo ya kuunganisha Game Boy mbili (vile vimashine vya gemu vya mkononi) akawaza mdudu akitambaa ndani yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Gemu za kwanza za Pokémon, Red na Green, zilipotoka Japani mwaka 1996 zilikuwa mbili kwa makusudi. Mwenzangu anasema ukiondoa ulazima umebakiza banda la mifugo tu.

Mimi nilikulia kijijini, wilaya ya Uvinza. Mjomba aliniletea Game Boy Advance SP iliyotumika, ndani yake FireRed, gemu nyingine ya Pokémon. Nilikuwa na miaka 12. Nilimkamata kiumbe aitwaye Haunter, nikampenda kuliko wote. Karibu na mwisho wa gemu kuna bibi mmoja, Agatha, anakushushia Gengar, na Gengar ndiye Haunter aliyegeuka. Nikajua wangu naye atafika. Nikamlea mpaka leveli 100. Hakugeuka. Miaka baadaye nikiwa chuo ndipo nikasoma kwamba Haunter hageuki mpaka umpeleke kwenye mashine ya mtu mwingine. Kijiji kizima mashine ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa nimejilaumu muda wote ule kwamba kuna kitu sikukifanya vizuri.

Sitaki mtoto wa Kalya au wa Sikonge apitie hilo kwa mkono wangu. Ila pia sitaki kuua kitu ambacho mwenzangu anakiona na mimi pengine sikioni kwa sababu sikukipata. Naombeni ushauri.

Kebo_Ndefu

Mkuu, pole kwa Haunter wako, nasema kwa dhati. Lakini mimi nasimama na mwenzako, na nitakueleza kwa nini.

Baba alikuwa mtu wa reli. Mwaka 2001 alihamishwa kutoka Dodoma kuja Kigoma, tukapanga Mwanga. Simjui mtu. Watoto wa mtaani wanaongea Kiha wakicheza, mimi nimekaa kizingitini na Game Boy Color yangu na Red. Siku moja dukani nikasikia kwamba kuna kijana Ujiji kaka yake anafanya biashara ng'ambo ya ziwa, na amemletea "kale kamashine". Nilikuwa mtoto wa aibu sana. Kwa hiari yangu nisingekwenda, hata ungenipa pikipiki. Nilikwenda kwa sababu nilimtaka Vulpix, na kwenye Red Vulpix hayupo kabisa.

Nilitembea kwa miguu Mwanga hadi Ujiji. Nikamkuta barazani. Ana Blue, toleo pacha la Red kwa nje ya Japani, na ana kebo! Na yeye alikuwa anamtafuta Growlithe, ambaye Blue haina. Hatukusalimiana vizuri hata, tulionyeshana vioo tu. Mama yake akatutolea ugali wa muhogo na migebuka, tukala huku mashine zimeunganishwa chini ya mkeka zisimwagikiwe mchuzi. Jioni nikarudi na Vulpix mwenye jina alilompa yeye, na jina hilo huwezi kulibadilisha ukishampokea. Nililiona kila siku.

Kijana huyo ndiye aliyesimamia ndoa yangu mwaka 2016.

Sasa niambie, kama gemu ingeniambia "subiri masaa matatu utampata Vulpix peke yako", ningesubiri. Kila mtoto mwenye aibu angesubiri. Ulazima ndio ulionisukuma nje ya mlango.

Binti_Urambo

Kaka Kebo, umenigusa, ila wewe ulikuwa na Ujiji. Mimi nilikuwa Urambo na sikuwa na Ujiji yoyote. Wasichana wenzangu walikuwa hawajawahi hata kuiona hiyo mashine, na kaka zao walionicheka wakisema ni kitu cha wavulana hawakuwa nayo pia.

Mleta uzi, kabla hujajibu "lazima au hiari" tenganisha kwanza aina za ulazima, maana mnazichanganya. Nilikaa na daftari nikahesabu Red. Viumbe ni 150, ukimwacha Mew ambaye hakuwa wa kukamatwa. Ukicheza peke yako bila kudanganya mashine, unaishia 124. Hao 26 wanaobaki hawakukosekana kwa sababu moja.

Kumi na moja wako toleo la pili: kina Vulpix, Meowth, Bellsprout, Pinsir na wengine. Kumi na moja wengine umewakosa kwa uamuzi wako: ulichagua mmoja kati ya watatu wa mwanzo ukaacha wawili na jamaa zao, ulichukua kisukuku kimoja, mpiganaji mmoja, Eevee ukamgeuza njia moja kati ya tatu. Wanne wa mwisho ni Alakazam, Machamp, Golem na Gengar, wanaogeuka kwa kuvushwa kwenda mashine ya mwingine tu.

Waangalie hao wanne vizuri. Kebo alimpa mtu Growlithe akapewa Vulpix, kila mmoja aliondoka na kitu ambacho hakuwa nacho. Hiyo ni biashara. Lakini Haunter unampeleka kwa mwenzako kisha unamwomba akurudishie. Mwenzako habaki na chochote. Ni kama kulipa ushuru wa daraja: umevuka, umerudi, umelipa. Ulazima wa aina hiyo hauwaleti watu pamoja, unamdai tu mpweke kitu asichonacho. Huo mimi ningeufuta leo leo.

Matoleo mawili yabakie.

mchezaji_huru

Mnajisumbua. Siku hizi kila mtu ana simu. Wekeni kubadilishana mtandaoni, mtu wa Sikonge anabadilishana na mtu wa Japani, kazi imekwisha.

FundiMinara

Mkuu hapo juu, kila mtu ana simu ila si kila mtu ana bando, na seva si ya milele. Pokémon waliweka kituo cha kubadilishana mtandaoni tangu gemu zao za Diamond na Pearl mwaka 2006. Nintendo, wenye mashine hizo, wakazima huduma ile ya mtandao Mei 2014. Za 3DS, mashine yao iliyofuata, zikazimwa Aprili 2024. Kampuni kubwa kiasi kile imezima, ninyi wawili mtalipia seva kwa miaka mingapi? Siku mkishindwa, kila aliyenunua gemu yenu daftari lake limefungwa bila kosa lake. Kebo ya Kebo_Ndefu mpaka leo ikichomekwa inafanya kazi.

Kwa hiyo fanyeni simu kwa simu, bila intaneti, kama watu wanavyorushiana nyimbo kwa Xender. Au simu moja ionyeshe msimbo wa QR na nyingine iusome, hata simu ya bei ndogo inaweza. Hasara yake ni kwamba bila seva huwezi kumzuia mtu kunakili faili lake na kuzalisha viumbe viwili. Kubalini tu. Wanaonakili watakuwepo, na mtoto aliyeko Nguruka haumizwi na hilo.

Na dada wa Urambo yuko sahihi kuhusu wale wanne. Pokémon wenyewe wameliona: gemu yao ya Legends: Arceus ya mwaka 2022 ina kifaa unachompa Haunter akageuka pale pale, bila mtu wa pili. Imewachukua miaka 26.

Mama_Wawili

Mwanangu mleta uzi, mimi si mchezaji, nina watoto wa miaka minane na kumi na mmoja, na simu wanayochezea ni yangu. Nimesoma yote.

Kwanza, kubadilishana na watu msiowaona kukiwa lazima, mtanilazimisha mimi kumruhusu mwanangu azungumze na mtu mzima nisiyemjua. Sitaruhusu. Nitafuta gemu yenu.

Pili, ndani ya nyumba mkubwa humdanganya mdogo. Anampa kitu hafifu anachukua kizuri, mdogo anakuja kulia kesho yake akishaelewa. Wekeni kioo kionyeshe wazi kinachotoka na kinachoingia, wote wawili wakubali, na kwa siku moja iwezekane kurudishiana.

Tatu, mkubwa yuko bweni na shuleni simu haziruhusiwi. Anacheza Juni na Desemba tu. Msiweke kitu cha kuisha muda wiki hii.

Kebo_Ndefu

Mama, shikamoo. La pili hilo nalikubali, na mimi nilidanganywa hivyo mara moja.

Binti_Urambo, hesabu yako imenikalisha chini. Sikuwahi kuwatenganisha. Ni kweli Gengar wangu sikumbuki hata nilimvusha lini, ila Vulpix nakumbuka mpaka mchuzi. Lakini kwenye matoleo mawili sirudi nyuma.

Nzega_Kaskazini

Kuna mfano mmoja unaopita yote: gemu za Pokémon Black na White, mwaka 2010. Viumbe wawili, Karrablast na Shelmet, hawageuki mpaka wabadilishane wao kwa wao, mmoja kwa mwingine. Mmoja anamvua mwenzake gamba analivaa, na wote wawili wanatoka wamebadilika. Hapo ulazima una maana ndani ya hadithi yenyewe. Kama Gambani wenu anaishi kwenye gamba la mwenzake, mnayo tayari mikononi.

Mninga_wa_Usiku

Mimi ndiye mwenzake wa Tabora. Nimesoma kimya tangu asubuhi.

Hili la Haunter sijawahi kulisikia. Miaka miwili tunafanya kazi pamoja na hakuniambia, alikuwa ananiambia tu "wapo wasio na mtu". Rafiki yangu, ungenieleza, tusingenuniana.

Kuvusha na kurudishiwa tunafuta, nakubali. Matoleo mawili yanabaki. Kwa asiye na mtu napendekeza hivi: ndani ya gemu tuweke mchuuzi kwenye stesheni ya Tabora, maana pale ndipo njia za Mwanza na Kigoma zinapoachana. Red walikuwa na kitu kama hicho, unampa mtu Poliwhirl anakupa Jynx. Mchuuzi wetu atakuwa na viumbe vya toleo la pili, kimoja kimoja, na atataka kitu ulichokilea kwa muda mrefu. Anayepata kwa mchuuzi atapata kiumbe kamili, lakini kisicho na jina la mtu. Anayepata kwa mtu, kiumbe kitabeba jina la aliyekilea na mahali kilipotoka.

Kwa mchuuzi iwe safari ndefu kweli. Siyo masaa matatu.

Mwana_Kibirizi

Ndugu yangu, samahani. Niliona ni jambo la kitoto, nikaona aibu kulisema.

Mchuuzi nampokea kwa mikono miwili. Kuhusu urefu wa safari bado sikubaliani nawe: ukisema siku thelathini za kucheza, huyo wa bweni wa Mama_Wawili atamaliza likizo mbili hajapata hata kiumbe kimoja. Mimi nasema kiumbe cha kwanza kije mapema, ndani ya wiki, ili mtoto ajue njia ipo na asijilaumu. Vinavyofuata viwe vigumu kadiri unavyotaka.

Gambani na konokono wake naanza kuwachora usiku huu, ahsante Nzega. Kebo, nakuomba kitu. Una mtoto wa umri huo? Nataka nione kama mwenye aibu bado atatoka mlangoni akijua mchuuzi yupo. Hilo hakuna kati yetu anayeweza kulijua kwa kubishana.

Kebo_Ndefu

Ninaye, ana miaka tisa, na aibu ameirithi kwangu. Mtoto wa rafiki yangu wa Ujiji ana kumi. Nitumie toleo la Ziwa kwa simu ya mke wangu na la Miombo kwa simu ya baba yake yule. Sitawaambia chochote. Nitakuletea majibu hapa baada ya wiki mbili, yakiwa upande wangu au wako.