Naomba ushauri: namwelezaje mzee kwamba saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa?

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu wa afya.

Mgonjwa ni mzee wa miaka sabini na kitu, mvuvi wa Ukerewe, anatibiwa Mwanza. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imezidi 100, kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye tezi kimethibitisha saratani, na picha zinaonyesha imeingia uti wa mgongo. Kupona kabisa hakupo. Kilichopo ni kushusha homoni za kiume zinazoikuza saratani hii, kwa kutoa korodani au kwa sindano ya goserelini ya kila wiki 12, ili maumivu yapungue na ugonjwa utulie kwa muda.

Nilimkalisha faragha, nikamuuliza kwanza anajua nini. Akajibu, "Nina tezi dume." Hapo ndipo penye ugumu: kwa wengi tezi dume ni jina la ugonjwa wa kuziba mkojo, si kiungo ambacho kila mwanamume anacho, kwa hiyo anasubiri apasuliwe arudi ziwani. Nilipotaja "hatua ya nne", yaani saratani imeshasambaa, alidhani ni ya matibabu, akafurahi kwamba tunakaribia kumaliza. Iliniuma sana. Mwanawe mkubwa naye ananisihi nisitamke neno saratani.

Miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuziba ghafla, nimewaambia wote wawili waje siku hiyohiyo.

Mnatumia maneno gani, ya Kiswahili au Kikerewe, kusema "haiponi ila inatibika" bila kumdanganya wala kumkatisha tamaa? Na kutoa korodani mnakuelezaje ili asisikie kuhasiwa: mkewe awepo tangu mwanzo, au mzee aulizwe kwanza akiwa peke yake?