Fidia ya kuumia kazini imekataliwa, wanadai mgongo nilikuwa nao tangu zamani. Rufaa naanzia wapi?

Mpakiaji_Usiku: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kichwa kimejaa. Napakia mizigo ghalani, ni mwezi wa pili sasa tangu niumie, tulikuwa wawili tunashusha boksi mwenzangu akateleza uzito wote ukanijia mimi, nikasikia kitu kimekatika kiunoni kama kamba. Nikamwambia supavaiza palepale, akasema kapumzike kidogo utakuwa sawa, nami kwa ujinga wangu nikamaliza zamu. Hospitali nimeenda siku ya nne mguu ulipoanza kufa ganzi, fomu ya ajali imejazwa siku ya tisa. Jana barua imekuja, wamekataa, eti "haijathibitika kuwa jeraha limetokana na kazi, mdai ana historia ya maumivu ya mgongo". Historia gani jamani? HR anasema ndo imeisha hiyo, na jamaa mwingine ananiambia ajali ilikuwa kosa letu wenyewe nisijisumbue. Kweli?

Chuma_Mboga: Siku tisa mkuu? Ulikuwa unasubiri nini

Mpakiaji_Usiku: Nilikuwa nasubiri kupona

Karani Mstaafu: Pole sana mwanangu. Huyo HR hana mamlaka ya kusema imeisha. Isome barua mpaka mwisho, mara nyingi huko chini ndiko wanakoandika siku za kukata rufaa na unaipeleka wapi. Angalia zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua au siku uliyoipokea, kwa hiyo bahasha usitupe. Kila nchi ina siku zake, usishike za mtu mwingine humu. Ukiona muda unakubana peleka notisi hata ya ukurasa mmoja, omba muda wa kuleta vielelezo, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea.

Hilo la kosa la nani achana nalo. Fidia ya kazini sehemu nyingi haiulizi nani alikosea, Ujerumani walivyoanzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884 shida ilikuwa hiyohiyo, mtu kaumia halafu mpaka athibitishe uzembe wa bosi. Labda uwe ulilewa au ulijiumiza makusudi, hapo ni habari nyingine.

Mama Zamu: Kaka, hiyo "historia" hawajaiota, wameitoa kwenye faili lako la hospitali. Nenda kaombe nakala, usome kile alichoandika daktari siku ya kwanza kabisa.

Mpakiaji_Usiku: Dada umejuaje!! Nimetoka kuichukua sasa hivi. Mstari wa kwanza "maumivu ya kiuno ya mara kwa mara". Boksi halijatajwa hata kidogo. Nakumbuka aliniuliza mgongo huwa unauma, nikasema ee siku za mzigo mwingi unauma nikilala unaisha, sasa kwenye kazi ile nani hauumwi?

Mama Zamu: Basi kesi yako iko kwenye mstari huo. Usimwombe daktari aufute, ukifanya hivyo umejimaliza. Mweleze tukio lote, mwombe aandike ripoti ya nyongeza ijibu mambo mawili, je jeraha linaendana na kubebeshwa uzito ghafla, na kama kiuno kilikuwa na udhaifu, je siku hiyo ndo uliongezeka. Kwenye sheria nyingi tatizo la zamani likizidishwa na kazi linahesabika. Mwambie na hiyo ganzi ya mguu ilianza lini, maana ni kitu kipya.

fundi nati: Nyongeza kwa mama hapo juu. Mimi rufaa yangu ya kwanza niliandika kurasa sita, nusu ni matusi kwa bosi nusu ni ada za watoto, na wao walikuwa wamenikataa kwa kuchelewa kuripoti, hilo sikuligusa kabisa 😂 wakanipiga chini tena. Ngazi ya pili mtu wa chama cha wafanyakazi akakaa na mimi tukaandika ukurasa na nusu, sababu yao hii, jibu langu hili, kielelezo hiki hapa. Nikalipwa. Wewe una nini cha kuonyesha uliripoti siku ileile? Mwenzako aliyeteleza ataandika?

Mpakiaji_Usiku: Huyo ataandika ila anamwogopa supavaiza. Ngoja kwanza, usiku ule niliandika kwenye grupu la WhatsApp la zamu "wazee lile boksi la leo limenivunja kiuno kesho msinitegemee", supavaiza akajibu "pole, jikande maji ya moto". Inasaidia?

Karani Mstaafu: Mwanangu ulikuwa umekalia dhahabu! Piga skrinshoti tarehe na saa zionekane, usikate pembeni, majina yabaki. Kaprinti leo. Na hiyo simu usiiuze.