AdSense, Ezoic au Adsterra: ipi inafaa kwa tovuti ya Kiswahili?

Kihesa_Juu
Wakuu habari za mchana. Nina tovuti yangu, ina watu wa kutosha, sasa nataka ianze kujilipia. Hosti inakwisha mwisho wa mwezi na safari hii sitaki kutoa hela mfukoni. Nimebaki na mitandao mitatu ya matangazo: AdSense ya Google na matangazo yake ya otomatiki (unabandika msimbo mara moja, yenyewe yanajipanga kwenye kurasa), Ezoic, au Adsterra. Jamaa yangu anasema AdSense ni ya kizamani na inalipa senti, kwamba Adsterra unaona dola siku ile ile. Wazoefu nisaidieni nichague ipi. Nawasilisha.

FundiWaya
"Watu wa kutosha" ndio wangapi mkuu? Tovuti ya nini? Lugha gani? Wageni wanatoka nchi gani, wanatumia simu au kompyuta? Umekuja kuuliza tununue gari gani bila kusema utabeba mkaa au wanafunzi.

Kobe_Mwendokasi
Adsterra. Uzi ufungwe.

Mama_Chumbageni
Usifungwe. Kihesa mdogo wangu, jibu kwanza maswali ya FundiWaya. Mimi nina kisa changu na hizo dola za siku ile ile, nitakirudia jioni nikishafunga duka.

Kihesa_Juu
Samahani wakuu. Ni tovuti ya elimu, Kiswahili na Kiingereza kiasi. Watu kama laki moja na nusu kwa mwezi, wengi wapo Bongo, karibu wote simu.

FundiWaya
Laki na nusu umeitoa wapi? Google Analytics (kipimo cha wageni cha Google) au ile AWStats, kihesabu kilichomo kwenye cPanel, paneli ya hosti yako?

Kihesa_Juu
Ya cPanel.

FundiWaya
Nilijua tu. AWStats inasoma kumbukumbu za seva. Roboti ambayo haijaitambua inahesabiwa kama binadamu, na ukikosea safu ukasoma ile ya "hits", kila picha na kila faili la mtindo limehesabiwa peke yake. Ukurasa mmoja wenye picha kumi unakupa zaidi ya kumi hapo. Mtangazaji hanunui hizo. Weka Analytics, iache ikusanye, kisha urudi na namba za kweli.

Shehe_Mkokotoni
Assalaam aleikum wadau. Wakati anakusanya namba, mimi natoa kura yangu kwa Ezoic. Ni kampuni ya Carlsbad, California, ipo tangu 2010. Faida yake ni kwamba haikupangii matangazo kwa kubahatisha. Inajaribu mipangilio tofauti kwa wageni tofauti, huyu anaona tangazo chini ya kichwa, yule analiona katikati, inapima upi unaleta hela bila kumkimbiza msomaji. Halafu kiwango cha kulipwa ni dola 20, AdSense mpaka ufikishe 100. Kwa tovuti ndogo hiyo ni tofauti kubwa.

FundiWaya
Shehe nakuheshimu, lakini kwa simu ya bei chee yenye mtandao wa kusuasua, hayo majaribio yote ni skripti juu ya skripti. Google wanataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mwanafunzi wa Ludewa mwenye bando la mia tano hasubiri mnada wa matangazo uishe. Na njia yao mojawapo ya kujiunga ni kuhamisha nameserver zako (seva zinazoelekeza jina la tovuti yako) zipite kwao. Dogo ambaye bado anasoma AWStats leo umwambie akahamishe nameserver?

Shehe_Mkokotoni
Ipo plagini (programu ya kuongezea) ya WordPress pia, si lazima nameserver. Tusimtishe.

Jirani_254
Wakenya tumefika. Ndugu yangu, ukitaka pesa ya maana andika Kiingereza kwa msomaji wa Marekani. Bei ya tangazo inaamuliwa na watangazaji wangapi wanamgombania anayesoma, na huku kwetu wanaogombania ni kampuni za simu, za kamari na za mikopo ya simu, basi. Mimi nalenga Mediavine, mtandao mwingine wa matangazo. Kwa miaka mingi walikuwa wanadai ziara 50,000 kwa mwezi kabla ya kukufikiria, na wanaangalia sana wageni wako wanatoka wapi. Na mjue pia serikali inakuja nyuma: Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni.

Kobe_Mwendokasi
Jamaa ana tovuti ya Kiswahili wewe unampeleka Marekani. Adsterra hawaulizi ziara elfu ngapi, unajiunga leo leo. Una popapu (dirisha linalojifungua lenyewe), una Social Bar (tangazo linalojitokeza kama arifa), una linki ya moja kwa moja unaweka hata Telegram. AdSense utakaa wiki unasubiri, mwisho unaambiwa maudhui yako hayana thamani ya kutosha.

Mama_Chumbageni
Haya, nimefunga duka. Nilikuwa na tovuti ya mapishi: biriani, mkate wa kumimina, visheti, na maelezo ya sherehe zetu za huku Tanga. Wasomaji wangu ni kina mama, wengine wako Muscat na Dubai. Nikajiunga na mtandao mmoja wa popapu. Sitautaja jina, na si lazima uwe wowote kati ya mnaozitaja hapa. Siku za mwanzo nilifurahi, namba zinapanda mwenyewe unaziona. Unaweka msimbo kwenye header (sehemu ya juu ya msimbo wa kurasa zote), unasahau.

Halafu dada mmoja wa Muscat akanitumia picha ya skrini. Amegusa mapishi ya kachori, simu ikafungua ukurasa mwekundu: "Simu yako ina virusi 4, bofya hapa usafishe." Mwingine akapelekwa kwenye kamari. Mwingine, mtoto wake ndiye alikuwa ameshika simu, na alichokiona sitakiandika hapa. Mimi mwenyewe nikifungua tovuti sioni kitu, kwa sababu skripti ilikuwa inamchagua wa kumrusha: mgeni mpya, wa simu, anayetoka Google. Nikawa nawabishia watu wangu kwamba ni simu zao.

Nikaondoa msimbo kwenye header, tatizo likabaki. Kijana wa IT akaja kugundua kuna faili dogo liliingia kwenye folda kuu ya tovuti siku ile nilipoweka plagini yao, linajisajili kwenye simu ya mgeni ili limtumie arifa hata akiwa hayupo kwenye tovuti. Waliobofya "ruhusu" waliendelea kupokea uchafu ule wakati tovuti yangu imeshakuwa safi. Na Google walishanishusha, maana tangu 2017 wanazishusha kurasa za simu zenye dirisha linaloziba maandishi. Salio kwenye akaunti ya ule mtandao lilikuwa chini ya kiwango cha kutoa. Sikupata hata senti. Wasomaji waliorudi wanahesabika.

Kobe_Mwendokasi
Pole dada, ila hapo ulisahau kuzima matangazo ya watu wazima. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuyakataa.

Mama_Chumbageni
Nilizima kaka. Kuzima na kuzimika ni vitu viwili.

Kobe_Mwendokasi
Basi mtandao wenyewe ulikuwa wa kihuni. Mimi sijawahi kuona hayo.

Mama_Chumbageni
Na mimi nilikuwa siyaoni. Soma tena nilivyoandika.

Kihesa_Juu
Nimerudi wakuu. Analytics inaonyesha kama kurasa elfu 40 kwa mwezi, sio laki na nusu 😅. Januari huwa zinapanda vibaya, matokeo ya kidato cha nne yakitoka seva inalala kabisa. Kilichopo ni mitihani iliyopita ya kidato cha pili hadi cha sita, PDF, watu wanapakua.

FundiWaya
Ungeanza na hili. Mtu akitafuta "mtihani wa Biolojia kidato cha nne" Google inampeleka kwenye ukurasa wako au moja kwa moja kwenye PDF?

Kihesa_Juu
Wengi kwenye PDF moja kwa moja.

FundiWaya
Basi hao hawatakulipa chochote, uwe AdSense, Ezoic au nani. Msimbo wa matangazo unakaa kwenye ukurasa wa HTML. PDF haibebi AdSense. Tena ukikuta Analytics inasema 40,000 ujue hawa wa PDF hata haiwaoni, ndiyo sababu moja ya pengo lako na AWStats. Kabla ya kuchagua mtandao fanya hivi: kila mtihani uwe na ukurasa wake, maswali kadhaa yaandikwe pale kwa maandishi na majibu yaliyofafanuliwa na wewe au mwalimu unayemjua, PDF iwe chini. Halafu iambie seva itume kichwa cha X-Robots-Tag: noindex (agizo la kuiambia Google isiliorodheshe faili) kwa faili zote za .pdf, ili Google ionyeshe ukurasa na sio faili. Hapo ndipo utajua una wageni wangapi wa kuuza.

Na hiyo ndiyo dawa ya kule kukataliwa na AdSense alikokusema Kobe. Tovuti yenye orodha ya PDF tupu ambazo ziko kwenye tovuti nyingine mia haina kitu chake. Lugha isikutishe, Kiswahili kimo kwenye lugha ambazo AdSense wanazikubali.

Jambo la pili, usiyaache matangazo ya otomatiki yajipange kila mahali. Kwenye ukurasa wa kupakua yatakuja kukaa jirani na kitufe chako, na mengine yana kitufe cha kijani kimeandikwa "Pakua". Mwanafunzi anabofya tangazo akidhani ni mtihani. AdSense wanahesabu hiyo kama mibofyo ya bahati mbaya na sera zao zinakataza tangazo kukaa kimtego hivyo. Ndani ya mipangilio unaweza kuweka maeneo ya kuacha na kupunguza wingi. Nenda pia kwenye vidhibiti vya kuzuia, funga makundi nyeti. Wateja wako ni watoto wa shule.

Dogo_Uyole
Mbona kuna njia rahisi? Kuna group la WhatsApp watu wanabofyiana matangazo, wewe unabofya yangu mimi nabofya yako. Pia kuna wanaouza trafiki (wageni wa kununua) kwa bei ya soda.

FundiWaya
Dogo, akaunti ya AdSense ni moja kwa mtu mmoja. Ikifungwa kwa mibofyo ya uongo hela inarudishwa kwa watangazaji, na huwezi kufungua nyingine kwa jina lako. Tangu mwanzoni mwa 2024 kwenye kurasa wanalipa kwa maonyesho ya tangazo, sio mibofyo, kwa hiyo hilo group lenu linafanya kazi ya miaka iliyopita.

Shehe_Mkokotoni
Tumpigie hesabu jamani tuache nadharia. Tuseme kwa mfano tu anapata senti 40 za dola kwa kila kurasa elfu. Kurasa elfu 40 ni dola 16 kwa mwezi. Kiwango cha AdSense ni dola 100, maana yake miezi sita na ushee ndipo akifikishe. Hosti inakwisha mwisho wa mwezi huu. Ndiyo maana nasema dola 20.

FundiWaya
Hesabu sawa, lakini hata kwa Ezoic hosti ya mwezi huu haitalipwa na matangazo. Malipo yao yanakuja baada ya mwezi wa kusubiri. Hosti alipe mwenyewe.

Mzee_wa_Kanuni
Naona mnaongelea dola tu. Kihesa una leseni ya maudhui ya mtandaoni? Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwafanya watu wengi wafunge blogu zao, maombi peke yake shilingi laki moja, leseni milioni moja, na milioni nyingine ada ya mwaka. Zikaja za 2020 zenye makundi. Soma ujue kundi lako kabla hujaanza kuingiza hela. La pili, hiyo mitihani ni mali ya nani? Umeomba?

Kobe_Mwendokasi
Mzee mitihani ya NECTA kila stationery nchi nzima inauza kopi, leo umemuona huyu tu?

Mzee_wa_Kanuni
Stationery hajaweka jina lake na akaunti yake ya benki kwenye fomu ya Google. Huyu ataweka.

Jirani_254
Kwetu pia ni hivyo hivyo, karatasi za KCSE (mtihani wetu wa mwisho wa sekondari) ziko kila mahali na kila mtu anasema ni zake.

Mama_Chumbageni
Kwa nini asiuze majibu? Mwalimu aandike ufafanuzi mzuri, mwanafunzi alipie buku kwa lipa namba. Wanafunzi ishirini wanaolipa buku buku ni elfu ishirini mkononi, haisubiri dola mia.

Kihesa_Juu
Dada wanafunzi wa kulipa ni wagumu, wanatumiana PDF Telegram siku ile ile.

Shehe_Mkokotoni
Basi tafuta tuisheni za Iringa na Mbeya ziweke bango kwako Januari, unazipangia bei mwenyewe. Ila bado nasema jaribu na Ezoic.

Kihesa_Juu
Nimewasoma wote. Nimeanza kutengeneza kurasa za mitihani ya Biolojia kwanza. Upande wa AdSense na Ezoic bado sijaamua, nasikia AdSense kuna barua ya posta?

FundiWaya
Ndiyo. Ukifikisha dola 10 wanakutumia PIN kwa barua, na una miezi minne tangu PIN ya kwanza itengenezwe, ikipita hujaithibitisha matangazo yanasimama. Anuani andika na S.L.P. Jina la mpokeaji lifanane na la akaunti ya benki, herufi kwa herufi.

Dogo_Uyole
Nje ya mada kidogo mkuu. Mimi sina S.L.P., naweza kutumia la shule niliyosoma?

FundiWaya
Unaweza, mradi kuna mtu pale wa kukupigia simu barua ikifika.

Dogo_Uyole
Karani niliyekuwa namjua alihamishiwa Chunya.

Kobe_Mwendokasi
Adsterra hawatumi barua. Nasema tu.