Je, ni sahihi mwandishi wa maandiko ya miradi kulipwa asilimia ya ruzuku?

Mwanaasasi wa Morogoro

Wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika asasi ndogo mkoani Morogoro inayoshughulikia maji na vyoo mashuleni. Ninaandika maandiko ya kuomba ruzuku, na fedha zikipatikana ndimi ninayesimamia mradi hadi ripoti ya mwisho. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na mkurugenzi amependekeza kwamba badala ya mshahara niwe ninalipwa asilimia 10 ya kila ruzuku itakayoingia, kwa hoja kwamba tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, asasi haina uwezo wa kumlipa mtu ambaye kazi yake haina uhakika wa kuzaa matunda. Sikatai kwamba hesabu yenyewe inavutia, ila ninajiuliza mfadhili ataipokeaje. Mnanishauri nini?

Mhasibu Mkongwe

Ndugu yangu, usikubali. Jiulize kwanza malipo hayo yatatoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. Kwa kawaida wafadhili hulipia gharama zilizotokea ndani ya kipindi cha mradi, ilhali kazi ya kuandika andiko hukamilika kabla mkataba haujasainiwa. Mkaguzi wa hesabu akikuta asilimia 10 imelipwa kwa mwandishi ataiandika kuwa gharama isiyokubalika, na asasi itatakiwa kuirejesha kutoka katika fedha zake yenyewe, ambazo mkurugenzi wako amekwisha kusema hazipo.

La pili ni la maadili. AFP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa uchangishaji fedha chenye makao yake Marekani, kinawakataza wanachama wake kupokea kamisheni au malipo yanayotokana na asilimia ya fedha zilizochangwa. Sababu yake inaeleweka: anayelipwa kwa asilimia atashawishika kuikuza bajeti na kuahidi visima ambavyo asasi haina mafundi wa kuvichimba. Kwako hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa msimamizi atakayedaiwa visima hivyo ni wewe mwenyewe.

Mshauri Elekezi, Nairobi

Ninakubaliana na Mhasibu kuhusu asilimia, lakini tusimlaumu mkurugenzi upesi, maana tatizo lake ni la kweli. Huku kwetu washauri elekezi wengi hukubaliana ada maalumu kwa kila andiko, ikalipwa sehemu rasimu inapokabidhiwa na iliyobaki andiko linapowasilishwa, liwe limepita au halikupita. Ada hiyo ni halali, ilimradi isitozwe kwenye ruzuku inayoombwa.

Basi itoke wapi? Itoke kwenye gharama za uendeshaji za ruzuku mlizokwisha kupata, yaani mstari wa bajeti unaolipia matumizi ya jumla ya asasi kama ofisi na uhasibu, na hapa ndipo asasi zetu nyingi hujinyima zenyewe. Kwa mstari huo, Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Ruzuku za serikali ya Marekani, kwa asasi ambazo hazijakubaliana na serikali hiyo kiwango chao maalumu cha gharama hizi, zilipandisha kiwango kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Na Ford Foundation, mfuko wa hisani wa Marekani, tangu 2023 hutoa angalau asilimia 25 kwa ruzuku za miradi. Hata hivyo nimesoma maandiko mengi ambayo mstari huo umejazwa sifuri ili asasi ionekane ya gharama nafuu mbele ya mfadhili. (Sijapata kumwona mfadhili aliyeshukuru kwa sifuri hiyo.)

Mwanaasasi wa Morogoro

Nawashukuru nyote. Nikibaki kwenye mshahara, je, unaweza kugawanywa kati ya miradi miwili inayoendelea?

Msimamizi wa Miradi, Tanga

Unaweza, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Muda unaousimamia mradi ulipwe na mradi huo, na muda unaoandika maandiko mapya ulipwe na gharama za uendeshaji. Jaza jedwali la saa za kazi kila wiki, lisainiwe na mkuu wako, wala usisubiri kulijaza kwa kumbukumbu siku wakaguzi wanapobisha hodi. Jumla ya mgao wa muda wako katika miradi yote isizidi asilimia 100. Kosa hili ni la kawaida pale kila andiko linapoandikwa peke yake bila kuangalia mengine.

Na kwa kuwa uko Tanzania, mwekee mkurugenzi jambo jingine mezani: Kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kazi hiyo humwangukia msimamizi, wala haimo katika hesabu ya asilimia 10 aliyokupigia. Mwombe akupe mkataba wa nusu muda wenye mshahara kamili wa nusu hiyo, uanze sasa, na muupitie upya ruzuku inayofuata itakapoingia ikiwa na mstari wa uendeshaji uliojazwa ipasavyo.