Msuli wa nyuma ya paja umechanika mara ya tatu: nimwambie daktari wa timu au ninyamaze?

Winga Makorora
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 23, nacheza winga ya kulia kwenye timu moja ya hapa Tanga, mkataba unaisha mwezi wa sita. Tangu mwaka jana msuli wa nyuma ya paja la kulia umenichanika mara tatu, palepale, kama shibiri moja juu ya goti. Kila mara maumivu yakiisha narudi uwanjani. Mara ya pili nilikaa siku 12 tu, na katikati nikaenda kucheza ndondo, mechi za mtaani, Muheza, maana kodi ilikuwa imefika na kulikuwa na posho. Timu haikujua.

Sasa ni wiki ya tatu tangu uchanike mara ya mwisho. Nikitembea sisikii kitu. Nikikimbia taratibu kule Raskazone sisikii kitu. Ila nikifungua mbio, hatua ya nne au ya tano, kuna kitu kinavuta nyuma kama uzi unaotaka kukatika. Jumamosi tuna mechi uwanja wa Mkwakwani na kocha kanipanga. Niseme ukweli, au nimeze dawa nicheze? Nikikaa nje namba yangu kwenye timu inaenda.

Bin Chumbageni
Cheza mdogo wangu. Mpira wa kwetu ukikaa nje mwezi mmoja umeshasahaulika. Funga bandeji, meza diklofenaki ya maumivu, mkataba kwanza.

Mkongwe wa Ngamiani
Bin Chumbageni, kwa heshima zote, ushauri huo ndio ulionimaliza mimi. Nilikuwa beki, enka ya kushoto imevimba, nachomwa sindano ya ganzi nusu saa kabla ya mechi, na watu wananisifu kwamba nina roho ngumu. Leo nina miaka 46, ngazi nashuka kwa ubavu huku nimeshika ukuta. Na ule mkataba niliouogopea haukuongezwa.

Winga, wewe unaishi kwa mbio, basi mtazame Michael Owen, yule mshambuliaji wa Liverpool. Aprili 1999, akiwa na miaka 19, alichanika msuli huohuo wakicheza na Leeds. Alipata Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, mwaka 2001, lakini kasi ile ya utoto haikurudi yote, majeraha yakamwandama mpaka akastaafu 2013. Ryan Giggs wa Manchester United naye alisumbuliwa na misuli hiyo ujanani. Yeye akabadili maisha, akashika yoga na kujitunza, akacheza mpaka 2014 akiwa na miaka 40. Winga kama wewe!

Fundi Viungo
Nafanya kazi ya fiziotherapia, nikueleze kinachotokea. Ukikimbia kwa kasi, mguu unafyatuka mbele, na msuli huo ndio breki yake. Ukichanika unaungwa kwa kovu. Maumivu huondoka mapema, nguvu huchelewa. Ndiyo maana kutembea unaona sawa, mbio zinakuumbua. Aliyewahi kuchanika hapo yuko kwenye hatari kubwa ya kuchanika tena, hasa wiki za mwanzo baada ya kurudi. Dawa ya maumivu itakuzimia king'ora tu, moto uko palepale.

Usihesabu siku. Kipimo ni je, mguu huo una nguvu sawa na mwenzake? Je, unaweza kukimbia mbio kamili mara kadhaa bila kuvutwa? Ukifika hapo, kuna zoezi la kupiga magoti, mtu anakushika vifundo, unajishusha mbele polepole huku msuli unakuzuia. Timu zinazolifanya mara kwa mara zimepunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Lakini usilianze leo huku unavutwa, daktari akupangie. Na ukiumia siku nyingine, siku mbili tatu za mwanzo ni barafu, hata zile za mfuko za dukani ukizifunga kwenye kanga. Maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu hapo mwanzo huongeza damu kuvujia ndani.

Mama Deep Sea
Mwanangu, mimi nauza samaki, mpira siujui, lakini nimelea. Hiyo ndondo kamwambie daktari nayo, asitibu nusu ya ugonjwa. Kodi zungumza na mwenye nyumba umwombe muda. Mguu hauombewi muda kwa mtu. Na ulale mapema baba, mkikaa vijiweni mpaka saa nane za usiku mwili utapona saa ngapi?

Bin Chumbageni
Mkongwe, nimekuelewa. Nilimjibu haraka.

Winga Makorora
Ahsanteni sana. Jana jioni nimemwambia daktari yote, na Muheza pia. Hakufoka. Alinilaza kifudifudi, akasukuma visigino kimoja kimoja nikimzuia, mguu wa kulia ukaanguka mapema kabisa. Jumamosi sichezi. Kocha amenuna, ila amesema ataniita nikipitishwa. Mama yangu nyumbani nimemwomba aache kunikanda, na mdogo wangu ameahidi kunishika miguu daktari akiruhusu. Fundi Viungo, swali moja: baiskeli naruhusiwa wiki hii?

Fundi Viungo
Taratibu, tandiko lisiwe juu sana, na ukisikia unavutwa shuka. Muulize na daktari wako kesho.